Mdondo tunachanja, mafua ya ndege tunachinja: kwa nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi nafuga kuku wa mayai. Mdondo nauchanjia kwa ratiba, na tangu nishike ratiba hiyo sijapoteza kundi. Lakini nasoma kwamba mafua ya ndege yakithibitishwa bandani, hata kwa kuku watatu tu, wanauliwa wote, wagonjwa na wazima. Magonjwa yote mawili ni ya virusi, yote yanaua kwa siku mbili tatu, na nasikia chanjo ya mafua ya ndege ipo. Ninyi watafiti mna zaidi ya miaka mia mkiyachunguza. Kwa nini basi mdondo tunachanja na mafua ya ndege tunachinja? Kuna mtu ameniambia anaweza kuniletea hiyo chanjo kimyakimya. Ninunue?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usinunue. Sababu nitazifikia, ila zinategemea jibu la swali lako kubwa. Na swali hilo wala si la mtu asiyejua mambo. Wataalamu wa virusi vya ndege wanalivutania kwa zaidi ya miaka 20 na hawajafikia mwafaka.

Kwa kifupi, chanjo ya mafua ya ndege ipo, na ikitengenezwa vizuri inamzuia kuku asife. Shida ni kwamba kuku asiyekufa anaweza kuendelea kubeba virusi na kuvitoa kwa mate na kinyesi bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa mdondo hilo linavumilika. Kwa mafua ya ndege, kutojua virusi vilipo kunaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kupoteza kuku. Ndiyo maana maabara hatuishii kuuliza kama chanjo inakinga. Tunauliza pia kama tutaendelea kuviona virusi baada ya kuchanja.

Umesema yote mawili yanaua kwa mtindo mmoja, na hapo umegusa jambo lililowachanganya hata waliotutangulia. Mwaka 1878 Edoardo Perroncito, daktari wa mifugo wa Italia, alieleza tauni ya kuku iliyokuwa ikimaliza mabanda kaskazini mwa Italia. Mwaka 1901 watafiti Centanni na Savonuzzi wakaonyesha kwamba kinachoua kinapenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Kisha mwaka 1926 ukazuka ugonjwa mwingine wenye sura ileile, kisiwani Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Ilibidi mtafiti aitwaye Doyle, mwaka uliofuata, aonyeshe kwamba kuku aliyepona ugonjwa mmoja hana kinga dhidi ya ule mwingine, ndipo watu wakakubali kwamba ni virusi viwili tofauti. Huo wa Newcastle ndio mdondo wetu, wengine wanauita kideri. Ama ile tauni ya Perroncito, ilikuwa mpaka 1955 ndipo Werner Schäfer, akiwa Tübingen, Ujerumani, alipotambua kwamba ni virusi vya mafua vya kundi A, ndugu wa vile vinavyotutia homa sisi binadamu. (Yale mafua ya kawaida ya kuku, yanayovimbisha uso na kutoa kamasi lenye harufu mbaya, hayamo katika habari hii. Yanaletwa na bakteria na yana tiba yake. Nayataja kwa sababu wafugaji wengi wakisikia jina tu wanashtuka bure, au wanapuuza pale ambapo hawakupaswa kupuuza.)

Kinachofanya virusi hivi viwili viue kwa namna moja ni kitu kidogo mno, na kwangu ndicho kipande kitamu kuliko vyote katika fani hii, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Virusi vya mafua vimevikwa protini iitwayo hemaglutinini, ile H unayoiona katika jina la aina ya virusi kama H5N1 (N ni protini nyingine ya nje, neuraminidasi). Hiyo ndiyo inayong'ang'ania seli ya kuku na kuvipa virusi njia ya kuingia ndani. Lakini inapotengenezwa huwa bado haijawa tayari: ina mshono ambao lazima ukatwe na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Katika virusi vipole, mshono huo kwa kawaida una ajinini moja tu (ajinini na lisini ni amino asidi, vipande vinavyojenga protini), na mikasi ya kuukata, yaani vimeng'enya vya jamii ya tripsini, imo kwenye njia ya hewa na utumbo basi. Virusi vinazaliana huko huko, kuku anakohoa kidogo au utagaji unashuka, kisha mambo yanapita. Katika virusi vikali mshono umeongezewa mfululizo wa ajinini na lisini, na sasa unakatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili. Hapo moyo, ubongo, kongosho, figo na mishipa ya damu, kote kunaingilika. Unakuta kuku amelala chini, kilemba kimegeuka zambarau, miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi, na jana jioni alikuwa anakula kama kawaida.

Kwa upande wa mdondo protini inayohusika ni nyingine, ile inayounganisha utando wa virusi na utando wa seli, lakini mbinu ni ileile. Aina kali ina mshono unaokatwa na furini. Aina pole haina mshono huo. Na chanjo hai unayowapa kuku wako kwenye maji ya kunywa ni virusi vya mdondo vilivyo hai kabisa, ila mshono wao haukatiki na furini.

Katika aina 16 za H zinazofahamika vizuri kwa ndege, ni H5 na H7 tu ambazo zimeonekana zikijigeuza kuwa kali zenyewe katika mabanda. Namna zinavyojigeuza inashangaza. Jimboni Pennsylvania, Marekani, H5N2 iliingia kwa upole mwezi Aprili 1983. Ilipofika Oktoba ilikuwa inaua makundi mazima. Virusi vya mwanzo na vya mwisho vilipolinganishwa, ilionekana kwamba badiliko dogo la kijeni lilikuwa limeondoa sukari iliyokuwa ikiufunika ule mshono. Kuku na bata mzinga wapatao milioni 17 walikufa au kuuliwa kabla mambo hayajatulia. Nchini Mexico mwaka 2012, H7N3 ilifanya la ajabu zaidi: ilidokoa kipande cha RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kijeni) ya kuku mwenyewe, kile cha mitambo ya kutengenezea protini ndani ya seli, ikakipachika kwenye mshono wake. Mdondo nao unaweza kugeuka hivi. Australia iliyaona hayo mwishoni mwa miaka ya 1990, virusi vipole vya hapo hapo nchini vikawa vikali. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba H5 au H7 iliyopatikana bandani kwake ni ya aina pole na hakuna haja ya kuhangaika, mwambie kwamba upole wake ni wa leo.

Mpaka hapa magonjwa haya ni kama mapacha. Yanapoachana ni kwenye maumbile ya ndani.

Vinasaba vya mdondo ni uzi mmoja wenye herufi zipatazo 15,000. Unabadilika, ndiyo, na una koo nyingi duniani, lakini sura yake mbele ya kinga ya mwili imebaki moja. LaSota, mbegu ya chanjo iliyopatikana Marekani katika miaka ya 1940, mpaka leo inamwokoa kuku asife na mdondo wa siku hizi, mradi imetunzwa na kutolewa inavyotakiwa. Halafu mdondo haumsumbui binadamu sana. Anayechanja kuku bila kujikinga anaweza kuwashwa na kuwa na macho mekundu kwa siku chache, basi. Kuku wako aliyechanjwa akitoa virusi kidogo, hasara kubwa ni ya jirani ambaye hakuchanja. Hesabu inakubali.

Vinasaba vya mafua vimegawanyika vipande 8. Seli moja ya ndege ikiingiliwa na virusi vya mafua vya aina mbili kwa wakati mmoja, vipande vinachanganyika, na kwa hesabu tu vinaweza kutoka vizazi vya michanganyiko 256. Vingi havina nguvu, lakini havihitajiki vingi. Chukua H9N2, virusi vinavyosambaa katika mabanda ya Asia, Mashariki ya Kati na sehemu za Afrika. Vyenyewe ni vipole: mayai yanapungua, kuku wanakoroma, na wakipata bakteria juu yake wanakufa kiasi. Wafugaji wengi wamevizoea. Basi virusi hivyo vya kuzoeleka ndivyo vilivyotoa vipande 6 kati ya 8 vya H7N9 iliyojitokeza China mwaka 2013. Na H7N9 hiyo ilikuwa ya namna ambayo mtaalamu wa mifugo hupoteza usingizi: kuku hawakuonyesha chochote, waliougua ni watu. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 1,500 walithibitika kuambukizwa, na zaidi ya theluthi moja wakafariki. Katika hali hiyo hakuna mzoga bandani wa kukuonya.

Ama H5N1 yenyewe, ukoo unaotusumbua sasa ulitambuliwa mara ya kwanza kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata uliingia Hong Kong, ukaambukiza watu 18, wakafa 6. Mwisho wa Desemba 1997 serikali ya huko iliamuru kuku wote wauawe, kama milioni 1.5, na maambukizi kwa watu yakakoma. Uamuzi ule ndio uliojenga imani ya wengi kwamba kuua kundi ndiyo dawa, na kwa wakati ule ilikuwa sahihi, kwa sababu virusi vilikuwa vinazunguka katika mabanda na masoko ya kuku hai. Lakini ukoo ule haukufa. Ulirudi kwa kishindo 2003. Mwaka 2005 uliua maelfu ya ndege pori katika Ziwa Qinghai, jambo lililotushtua, kwa maana tulizoea kwamba bata wa porini hubeba mafua utumboni bila kuumwa na kuyamwaga majini kwa kinyesi. Mwaka 2006 ulifika Afrika. Mwishoni mwa 2021 tawi lake moja lilivuka Atlantiki, na ndani ya miaka miwili lilikuwa limeshuka hadi ncha ya Amerika Kusini, likiua simba bahari na sili tembo kwa maelfu. Machi 2024 likathibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, virusi vikijazana kwenye kiwele. Hakuna kitabu kilichotuandaa kwa kiwele.

Tangu 2003 hadi mwisho wa 2024, Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za watu zaidi ya 900 walioambukizwa H5N1, na karibu nusu yao walifariki. Huenda waliougua kidogo hawakuhesabiwa, kwa hiyo nusu si kipimo kamili cha ukali. Wengi wao walikuwa wameshika ndege wagonjwa au mizoga. Virusi havijajua kusambaa kwa wepesi kutoka mtu hadi mtu. Sehemu kubwa ya utafiti wetu ni kutazama vipi vinakaribia kujua: kama H imeanza kupenda vipokezi vya koo la binadamu badala ya vile vya utumbo wa ndege, kama protini ya PB2, moja ya zile zinazonakili vinasaba vya virusi, imepata badiliko la nafasi ya 627 linaloirahisishia kazi ndani ya seli za mamalia. Kila kuku mgonjwa ni nakala mabilioni za virusi, na kila nakala inaweza kuwa na kosa dogo. Wakati mwingine kosa hilo ndilo tunaloliogopa.

Sasa urudi bandani kwako. Kuku watatu wamethibitika. Hao wengine unaowaita wazima, kwa virusi vikali, si wazima bali wako foleni. Wanashiriki hewa, maji, vumbi na viatu vya mtu mmoja. Ukisubiri uone nani ataumwa, katika siku mbili au tatu hizo hizo banda linakuwa mtambo wa kuzalisha virusi, na feni zinavipuliza nje. Kuua mapema ni kupunguza idadi ya nakala, na hivyo kupunguza nafasi ya yale makosa. Najua ni maneno makavu kwa mtu aliyelea kundi tangu vifaranga. Pale ambapo hakuna fidia, sera hii inageuka adui wa nafsi yake: mfugaji anaficha, anauza kuku haraka kabla hajashtukiwa, na virusi vinasafiri kwa gari badala ya kufa bandani. Mimi naamini kuua bila fidia ni kuwaomba watu wadanganye.

Na tuwe wakweli pia kwamba kuua peke yake sasa hakutoshi. Kulibuniwa kwa zama ambazo ugonjwa uliingia kwa biashara, ukiuzima umezimika. Siku hizi unashuka na ndege wahamao kila msimu. Unasafisha banda, unaingiza vifaranga, na baada ya miezi unaanza upya. Ndiyo maana mjadala wa chanjo umerudi kwa nguvu.

Chanjo nyingi za mafua ya ndege ni virusi vilivyouawa na kuchanganywa na mafuta, kuku mmoja mmoja anachomwa sindano. Zinajenga kingamwili katika damu, ambazo ni hodari kuzuia virusi visienee kwenye moyo na ubongo. Kwenye koo na utumbo ulinzi ni hafifu zaidi. Kuku aliyechanjwa vizuri anahitaji virusi vingi zaidi ili aambukizwe, na akiambukizwa anatoa vichache zaidi; hiyo ni faida kubwa, nisiidharau. Ila ikiwa chanjo haikulingana na virusi vya wakati huo, au nusu ya kundi ilirukwa, unapata kundi linaloonekana salama huku virusi vinazunguka chini kwa chini, tena vikijifunza kukwepa kinga hiyo. Mexico ilianza kuchanja dhidi ya H5N2 mwaka 1995, ikafanikiwa kuondoa aina kali. Aina pole ikaendelea kuzunguka miaka mingi, ikabadilika hadi chanjo ya mwanzo ikawa inalingana nayo kwa shida.

Wako wanaoogopa zaidi ya hapo, na mfano wao hutoka kwenye ugonjwa wa Marek, ule wa uvimbe na kupooza miguu. Chanjo yake, iliyoanza kutumika karibu na 1970, inamzuia kuku asiugue bila kumzuia asiambukize. Mwaka 2015 mtafiti Andrew Read na wenzake walionyesha kwamba aina kali mno za virusi vya Marek huua kuku asiyechanjwa upesi kabla hajaeneza sana, wakati aliyechanjwa anaishi na kuvieneza kwa wiki nyingi. Tangu hapo utafiti huo umegeuzwa silaha ya wapinga chanjo wa kila namna, jambo ambalo halina msingi; bila chanjo ya Marek ufugaji wa kuku wa mayai kama tunaoujua usingekuwepo. Ninachochukua mimi humo ni onyo la kuangalia virusi nyuma ya chanjo.

Kuna njia ya kuviona, na waliotuonyesha kwa vitendo ni Waitaliano. Kaskazini mwa Italia H7N1 ilizunguka ikiwa pole tangu Machi 1999, hasa kwa bata mzinga, kisha Desemba ikageuka kali. Ndege milioni 13 hivi walikufa au kuuliwa. Aina pole iliporudi, kundi la watafiti akiwemo Ilaria Capua, daktari wa mifugo na mtaalamu wa virusi, lilitumia chanjo ya H7N3. H ni ileile, kwa hiyo inakinga. N ni tofauti. Ukichukua damu ya ndege ukakuta kingamwili dhidi ya N3, huyo amechanjwa tu. Ukikuta za N1, virusi vya porini vimempitia. Kwa mpango huo waliweza kuchanja na bado wakajua wapi pana moto. Capua huyohuyo mwaka 2006 alikataa kuweka mfuatano wa vinasaba vya H5N1 kwenye hifadhi ya wachache, akauweka hadharani kila mtu ausome, na mjadala ulioamka hapo ulichangia kuzaliwa kwa hifadhi ya pamoja ambayo watafiti wa mafua wanaitumia hadi leo. Kwangu mimi hilo nalo ni sehemu ya chanjo, maana bila mfuatano wa vinasaba hujui mbegu ya chanjo yako imepitwa na wakati au la.

Siku hizi zipo chanjo zinazobeba H5 peke yake, zimepachikwa ndani ya virusi vingine visivyo na madhara au zimetengenezwa kwa RNA. Hizo kuzitofautisha ni rahisi zaidi: protini za ndani za mafua hazimo kabisa, kwa hiyo kuku mwenye kingamwili za protini hizo ameambukizwa kweli. China ilianza kuchanja kwa pamoja dhidi ya H5 na H7 Septemba 2017, na maambukizi ya H7N9 kwa watu yakaporomoka hadi karibu kwisha. Ufaransa ilianza kuchanja bata wake Oktoba 2023, ikaambatanisha na vipimo vya mara kwa mara katika makundi yaliyochanjwa, na milipuko ikapungua mno. Papo hapo Marekani ilizuia bidhaa za kuku na bata kutoka huko kwa hofu ya virusi vilivyojificha. Hapo ndipo siasa ya jambo hili ilipo: nchi inayouza nje inaogopa kuchanja kuliko inavyoogopa ugonjwa, na gharama ya vipimo baada ya chanjo mara nyingi ni kubwa kuliko ya chanjo yenyewe. Kwa maoni yangu tutaishia kuchanja, angalau ndege wa muda mrefu kama kuku wa mayai, kuku wazazi na bata, katika maeneo wanakopita ndege wahamao. Kuku wa nyama wanaochinjwa wakiwa na wiki sita, sioni faida.

Wapo pia wanaojaribu kumbadilisha kuku badala ya kumchanja. Mafua hayawezi kunakili vinasaba vyake ndani ya kuku bila kutumia protini ya kuku iitwayo ANP32A. Mwaka 2023 watafiti nchini Uingereza walitangaza kuku ambao jeni hiyo imehaririwa sehemu ndogo sana. Walipowekwa pamoja na ugonjwa kwa kiwango cha kawaida, 9 kati ya 10 hawakuambukizwa. Walipopewa kiwango kilichozidi mara 1,000, nusu waliambukizwa, na virusi vilivyotoka vilikuwa vimeanza kujifunza kutumia protini nyingine za jamii hiyo. Ni kazi nzuri sana, na inakueleza vilevile tunapambana na nini.

Sasa yule mtu wako. Chanjo ya kimyakimya hujui imetokana na virusi gani, kwa hiyo hujui kama inalingana na vinavyozunguka. Hujui imekaa kwenye baridi au juani. Anayekuja kuchoma sindano ametoka banda gani jana? Na kubwa kuliko yote: ikiwa ni chanjo ya virusi vizima vilivyouawa, damu ya kuku wako itakuwa na kingamwili zilezile anazokuwa nazo kuku aliyeugua. Siku wakaguzi wakipima damu katika eneo lenu, kundi lako litasomeka kwamba limeambukizwa, na hutakuwa na karatasi ya kuonyesha vinginevyo. Utakuwa umenunua kwa fedha zako kile ulichokuwa unakikimbia.

Unachoweza kufanya kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Kwanza shikilia ratiba ya mdondo bila kuruka, na Gumboro kwa vifaranga, maana Gumboro hushambulia kiungo kinachowafunza askari wa kinga, na kifaranga aliyeharibiwa hapo chanjo nyingine hazimshiki. Faida yake hapa si kwamba chanjo ya mdondo inakinga mafua. Haikingi hata kidogo. Faida ni kwamba kundi lililochanjwa mdondo vizuri likianza kufa ghafla, kifo hicho kina maana. Kwa macho hata mimi siwezi kutofautisha haya magonjwa mawili. Lakini ukiniambia kuku walichanjwa mdondo kwa wakati na wamekufa 40 usiku mmoja, nitachukua simu kabla hujamaliza sentensi.

Banda lizibwe ndege pori wasiingie, maji ya kunywa yasitoke kwenye bwawa wanakotua bata, viatu vya bandani vibaki bandani, na trei za mayai zisizunguke kati ya wafugaji bila kuoshwa na kutiwa dawa. Bata na kuku usiwachanganye. Mayai na nyama vikipikwa hadi ndani kabisa, nyuzi 70 au zaidi, virusi hivi havibaki hai. Hatari iko kwenye kuchinja na kunyonyoa ndege mgonjwa, na ndiyo inayoua watu.

Na vifo vikianza, usipasue mzoga uone ndani kuna nini, usichinje waliobaki kuokoa hela, usihamishe kuku, mayai wala mbolea. Mwite daktari wa mifugo wa eneo lako. Atachukua majimaji kwa kijiti cha pamba kooni na kwenye tundu la kinyesi, kwa waliokufa karibuni na kwa wanaoumwa, ayaweke kwenye baridi na kuyapeleka maabara. Kule kipimo cha PCR, kinachozidisha vinasaba ili vionekane, kitatafuta kwanza jeni ambayo virusi vyote vya mafua ya kundi A vinayo, kisha H5 na H7, na mwisho tutasoma ule mshono herufi kwa herufi. Sehemu ya PCR ya vipimo hivi inaweza kukamilika ndani ya siku moja, ikiwa sampuli imefika ikiwa baridi na imeandikwa vizuri: tarehe, umri wa kuku, wamekufa wangapi na lini, na chanjo zote walizopata, hata ile ambayo mtu angetaka kuificha.